Boda: Neno la Kiingereza Lililohamia Sirari

Katika mji wa Sirari, wilayani Tarime, pale barabara itokayo Mwanza na Musoma inapoikuta nchi ya Kenya, msafiri aliyeteremka basini anaweza kumwita kijana mwenye pikipiki na kumwambia: "Boda, nipeleke boda." Maneno ni matatu tu, na mawili kati yake ni neno moja. Mgeni wa Unguja au Lamu angelisimama akajiuliza ni vipi mtu apelekwe kwake mwenyewe. Kijana wa Sirari hajiulizi. Huwasha pikipiki, humpakia abiria wake, na baada ya mwendo mfupi humteremsha karibu na jengo la uhamiaji na forodha, ambako ng'ambo yake ni mji wa Isebania na serikali nyingine.

Neno hilo moja, ambalo asili yake ni Kiingereza, limekwishapata maana tatu katika vinywa vya watu wa huko, na sarufi ya Kiswahili imeitenga maana ya mtu na zile nyingine mbili bila ya kungoja amri ya baraza lolote la lugha. Akisema mtu "boda imefungwa", anakusudia mpaka wa nchi. Akisema "boda imegoma kuwaka", anakusudia pikipiki. Na akisema "boda amekuja", anakusudia mtu, dereva wa pikipiki hiyo, aliyepewa upatanisho wa viumbe wenye uhai kama alivyopewa mwalimu na mvuvi. Mpaka, chombo na mtu wamekaa ndani ya neno moja, na mtu ametengwa na wenziwe kwa kiambishi kidogo tu cha kitenzi. Lugha iliyoweza kulifanyia hivyo neno la kigeni haikuazima kwa udhaifu. Imelifuga neno hilo mpaka likaitikia jina jipya.

Hata hivyo, historia ya neno hili haikuanzia kwenye pikipiki, wala haikuanzia kwenye mpaka. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, katika zama ambazo lugha ya mabwana wa nchi yao ilikuwa Kifaransa. Shina lake ni *bord*, yaani ukingo, na hasa ubavu wa chombo cha baharini; ni ndugu wa neno linalotumika kwa ubao, ambalo nalo limeingia katika Kiswahili kwa njia nyingine, katika bodi za mashirika na shule za bodingi. Maana ya mwanzo ya *border* kwa Waingereza ilikuwa ni pambo la ukingoni: pindo la vazi, au mstari uliozunguka ngao ya mtu wa ukoo bora. Kufika karne ya 16, neno lilikuwa limekwishazoeleka kwa nchi iliyokuwa baina ya Uingereza na Uskoti, ambako watu wa pande mbili waliibiana ng'ombe usiku na kuoana mchana. Mpaka hii leo Mwingereza hulitumia kwa safu ya maua iliyopandwa ukingoni mwa bustani, kwa mstari unaozunguka picha, na kwa jambo linalokaribia kuwa jambo jingine, kama vile ujasiri uliokaribia upumbavu. Hakuna katika maana hizo za awali inayohitaji askari.

Msomaji wa pwani halihitaji kamusi ili ailewe maana hiyo ya kwanza, kwani kila nyumba ina kanga. Kanga ina sehemu zake: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati, na jina husema linalosemwa. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na anayeikata doti anajua mkasi upite wapi. Hupita baina ya pindo na pindo, ili kila kipande kibaki na ukingo wake kamili na mji wake mzima. Atakayeupitisha mkasi katikati ya mji ameiharibu doti, hata kama mstari wake umenyooka kama uzi. Ilivyokatwa nchi inayopitiwa na mpaka wa Sirari ni habari ya mkasi wa namna hiyo.

Kabla ya mkasi, Kiswahili kilikuwa na maneno yake. La kwanza ni mpaka, neno la Kibantu, na kutokana na mzizi huo hutoka kitenzi kupakana. Kitenzi hicho kinastahili kutazamwa. Umbo lake ni la kutendana, kama kupendana, kusaidiana na kugombana. Shamba moja haliwezi kupakana peke yake, linahitaji jirani. Kwa hiyo mpaka katika fikra ya Kiswahili ni kitu kinachomilikiwa na wawili, kama ukuta wa pamoja baina ya nyumba mbili za Mji Mkongwe, ambao hapana mwenye haki ya kuubomoa bila ya kumwarifu mwenziwe.

Neno hilo hilo mpaka lina kazi ya pili, nayo ni ya wakati na masafa. "Nitakungoja mpaka alasiri." "Alitembea mpaka Bweleo." Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson iliziandika maana zote mbili, ya nchi na ya wakati, na watungaji wa kamusi waliofuata wamefanya hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba neno la pili la Kiswahili kwa maana hiyo, yaani hadi, nalo limepita njia hiyo hiyo. Asili yake ni neno la Kiarabu *hadd*, ambalo maana yake ni kikomo, ukingo, mpaka. Waswahili walilipokea na wakalipa kazi ileile waliyompa ndugu yake wa Kibantu: "hadi alasiri", "hadi Bweleo". Lugha mbili zisizokuwa na nasaba zilikutana pwani, na zote zikakubaliana kwamba mwisho wa ardhi na mwisho wa muda ni jambo moja. Washairi wamefaidika sana na makubaliano hayo. Mtunzi anayehitaji mizani mbili anaitwaa hadi. Anayehitaji tatu anaitwaa mpaka, maana "m" yake hutamkwa kwa pigo lake wenyewe.

Kwa watu wa visiwani na mwambao, mpaka wa dola haukuwa mstari wa nchi kavu. Ulikuwa ni bandari. Hapo palikuwa na forodha, neno la Kiarabu ambalo Unguja limebakia katika jina la Forodhani, na hapo palikuwa na ushuru, ambao asili ya jina lake ni fungu la kumi, japokuwa mkataba wa mwaka 1839 baina ya Sayyid Said na Uingereza uliuweka ushuru wa bidhaa za nje kuwa asilimia 5. Katika bara, enzi ya Sultani ilifuata njia za misafara. Ilikuwa na nguvu pale palipokuwa na liwali au mfanyabiashara wake, na ikififia kidogo kidogo kila njia ilipozidi kuwa ndefu. Haikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mahali kama hapo palizaliwa mwaka 1886. Wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walikuwa wamekwishapita pwani kuipima milki ya Sultani, na mwezi wa Novemba serikali za London na Berlin zikakubaliana kwa barua. Milki ya Sultani katika mwambao ikapewa upana wa maili 10 tu za bahari. Nyuma yake ukachorwa mstari wa pili, unaoanzia kwenye mlango wa mto Umba karibu na Vanga, ukaenda kaskazini magharibi, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, na kutoka hapo ukanyooka mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale linapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta. Upande wa kaskazini ukawa wa Waingereza, wa kusini wa Wajerumani. Sayyid Barghash aliridhia mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo Vanga na Sirari zimefungwa na uzi mmoja wa zaidi ya kilomita 700. Ncha yake moja imo katika maji ya chumvi, nyingine katika maji baridi. Mvuvi wa Jasini na mfugaji wa Tarime hawajuani, wala hawasemi lugha moja nyumbani kwao, lakini wote wawili wanaishi pembezoni mwa mstari uliochorwa siku moja, kwa mkono mmoja, na watu ambao nchi yenyewe waliijua kwa ramani.

Mstari uliochorwa mwaka 1886 haukuonekana ardhini kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1904 na 1906 tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ndiyo iliyopita baina ya ziwa na Kilimanjaro ikipima na kuweka alama. Mahali ilipoanzia, karibu na ziwa, ilikuta nchi ya Wakuria, wakulima na wafugaji wanaojihesabu kwa koo. Wakira, Wanyabasi, Wairege na Wagumbe wakajikuta kila ukoo uko pande mbili: malisho upande mmoja, makaburi ya wazee upande mwingine. Mkasi haukupita baina ya pindo na pindo. Ulipita katikati ya mji.

Hapa linazuka suali la lugha. Upande wa kusini wa mstari huo watawala wa kwanza hawakuwa Waingereza bali Wajerumani, na neno lao la mpaka ni *Grenze*. Kiswahili kilichukua kutoka kwao shule na hela, ambayo ilikuwa ni sarafu yao ya *Heller*. Lakini neno lao la mpaka halikushika. Utawala wao ulitumia Kiswahili katika ofisi za chini, na Kiswahili tayari kilikuwa na mpaka. Hapakuwa na pengo la kuzibwa. Mwanza ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwezi wa Julai 1916, na Tanganyika ilipokabidhiwa kwao kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, mstari wa Sirari ulibakia palepale lakini uzito wake ukapungua. Pande zote mbili sasa zilikuwa na bwana mmoja. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Tarime na Kisii sawasawa, na forodha za nchi hizo zikaunganishwa. Kiingereza kilikuwa lugha ya hakimu wa huku na hakimu wa kule, na *border* likawa neno la ofisini, la mtu aliyevaa kofia. Mfugaji hakuwa na haja nalo.

Uhuru ulikuja, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, na mstari ukaanza kupata uzito tena. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa sarafu yake, na kuanzia hapo mtu wa Sirari akawa na mifuko miwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967 ili kuyaweka pamoja yaliyokuwa yakiachana: reli, posta, bandari, shirika la ndege. Ilidumu miaka 10. Mwezi wa Februari 1977, baada ya mabishano marefu kuhusu mali na madeni, na baada ya kuvunjika kwa shirika la ndege la pamoja, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya yenyewe ilikufa mwaka huo huo.

Ulifungwa kwa zaidi ya miaka 6. Hiyo ndiyo miaka ambayo maana mbili za mpaka zilikutana katika sentensi moja: mpaka umefungwa, mpaka lini? Kwa watu wa Dar es Salaam na Nairobi, kufungwa kule kulikuwa habari ya gazetini na hasara ya biashara. Kwa mtu wa Sirari kulikuwa ni habari ya shangazi aliyeolewa upande wa pili, ya ng'ombe wa mahari waliokuwa hawajamalizika, ya msiba unaosikika jioni na usiofikika asubuhi kwa njia ya halali. Aliyevuka kwenda kumzika nduguye alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mkosaji.

Ndipo maneno mengine ya mpakani yalipopata nguvu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa sabuni, mafuta ya kupikia na nguo, na palipo na uhaba huku na wingi kule, bidhaa haisubiri mkutano wa mawaziri. Magendo likawa neno la kila siku, na mwaka 1983 serikali, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1983, Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha wakakubaliana namna ya kugawana mali za Jumuiya iliyokufa, na mpaka ukafunguliwa.

Msomaji anayependa maneno atatambua jambo moja katika msamiati huu. Askari ni neno la Kiarabu. Forodha ni la Kiarabu, ushuru ni la Kiarabu, muhuri limetoka Uajemi, pasi na viza yametoka Ulaya. Takriban kila kitu ambacho dola imekiweka mpakani kimekuja na jina la kigeni. Lakini magendo limetokana na kwenda, na njia za panya, vile vichochoro vya mashambani ambavyo watu na mizigo hupita bila ya kugongewa muhuri, ni maneno ya Kibantu mwanzo hadi mwisho. Dola imeazima majina ya vizuizi. Wananchi wametumia lugha ya mama kwa namna ya kuvikwepa. Na wapenda mzaha hawakosi kusema kwamba ndani ya mpaka mna paka, na penye paka panya hana budi kujua njia.

Wakati Sirari imefungwa, neno *border* lilikuwa likibadilishwa mahali pengine, kaskazini ya ziwa. Huko Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, vituo viwili vya ukaguzi vilikuwa na masafa baina yao, na magari ya abiria yasiyokuwa na karatasi za kuvuka yaliwateremsha watu upande mmoja. Aliyekuwa na mzigo, mgonjwa au mtoto mgongoni alilazimika kutembea. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuwachukua wasafiri hao juu ya kiti cha nyuma kilichotiwa mto, wakiinadi safari yao kwa neno moja lililosemwa mara mbili: boda, boda! Yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule.

Wako wanaoamini kwamba kurudiwa kule ni kuwafasiri Waingereza tu, mpaka kwa mpaka. Lakini Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa kurudia. Lugha iliyo na polepole, sawasawa, kizunguzungu na pikipiki yenyewe inajua kwamba neno likirudiwa huwa limepata mwendo. Ndivyo lilivyofanyika neno dala, lililotokana na dola ya Marekani na likawa jina la sarafu ya shilingi tano. Liliporudiwa na makondakta, likawa daladala, gari la abiria. Tena neno lilipotoka Dar es Salaam likafika Shinyanga, huko likavishwa baiskeli za abiria. Majirani wa Kenya nao waliziita gari zao matatu, kwa nauli ya mapeni matatu ya zamani. Mtu angeandika historia ya uchumi wa Afrika Mashariki kwa majina ya vyombo vyake vya usafiri: mawili yametokana na nauli, na moja limetokana na mpaka.

Baiskeli zilitangulia, pikipiki zikafuata. Kutoka mpakani neno liliingia Kampala, na katika miaka ya 1990 likaanza kuhama kutoka kiti cha baiskeli kwenda kwenye kiti cha injini. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na Uchina zilipofurika, na Kenya ilipozipunguzia kodi pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda ilienea hadi vijiji ambavyo havijapata kuona mpaka wa nchi yoyote. Tanzania nayo iliweka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zinazobeba abiria mwaka 2010. Mikoa mingine ilikuwa na majina yake, kama toyo, lililotokana na chapa ya pikipiki. Lakini jina la Busia ndilo lililoshinda, mpaka Juba kwa upande mmoja na mwambao kwa upande mwingine. Kisha likafanya safari ya kurudi. Kamusi za Kiingereza za Oxford sasa zinaliandika *boda-boda* kama neno la Afrika Mashariki, na wanaozisoma wanaelezwa kwamba asili yake ni *border*. Waingereza wamerudishiwa neno lao, limevaa nguo nyingine, nao wakalipokea kama mgeni.

Katika mwendo huo wote, mpaka wenyewe ulisahauliwa ndani ya neno. Kijana wa Morogoro au Iringa anayeendesha bodaboda hafikirii mpaka anapolitamka jina la kazi yake, kama vile asemaye daladala asivyoifikiria dola ya Marekani. Maneno ndivyo yalivyo. Husafiri mbali kwa kuwa hutua mizigo njiani. Lakini Sirari si Morogoro. Hapo, na katika miji mingine ya mipakani, neno limekutana tena na lililolizaa. Bodaboda hutoka stendi kwenda boda. Chombo kimerudi kwenye asili ya jina lake, na ndiyo sababu ule usemi wa "boda, nipeleke boda" unawezekana kule na haueleweki Unguja.

Wako wataalamu wa lugha wanaosikitika wanapolisikia neno hili. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Kiswahili, wanasema, kilikuwa na mpaka tangu hapo; neno la kigeni lililoziba pengo linasameheka, lakini boda halikuziba pengo lolote, limemsukuma mwenyeji kitini. Na hasara wanayoiona si ya sauti tu. Mtu anayesema "Tanzania inapakana na Kenya" amekiri, atake asitake, kwamba pana wawili na kwamba uhusiano wao ni wa kutendana. Anayesema "boda" hakukiri kitu. Neno halina kitenzi. Hakuna kubodana.

Hoja hiyo ni nzito, lakini matumizi ya watu yanaonyesha mambo mawili. La kwanza, mpaka halikuondoka kitini. Ndilo linaloandikwa katika sheria na katika mabango ya serikali. Ndilo linalotumiwa mashamba yanapogombewa, wazee wanapopatanisha, na mama anapomwambia mwanawe kwamba utani una mipaka. Wakulima wawili wa Tarime wakigombania tuta hawagombanii boda. Boda ni mahali pamoja tu, pale penye majengo, foleni za malori na wabadilishaji fedha. Ni mpaka wa dola, si mpaka wa watu. Kwa maana hiyo pengo lilikuwepo. Kiswahili kilikuwa na neno la ukingo unaomilikiwa na majirani wawili, hakikuwa na neno mahsusi la ukingo uliowekwa na wasiokuwa majirani. Mstari ule ulitoka Ulaya, na jina lake limeletwa na lugha ya Ulaya. Watu wa mpakani hawakukosea walipoviweka viwili hivyo pamoja.

La pili ni kwamba hali ya mahali penyewe imebadilika, na neno limebadilika nayo. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Umoja wa forodha ulifuata mwaka 2005, na soko la pamoja mwaka 2010. Zikaja sheria za vituo vya pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja badala ya kusimama mara mbili. Cha Namanga kilizinduliwa na marais wa nchi mbili tarehe 1 Desemba 2018, na Sirari na Isebania nazo zimo katika orodha ya mipaka yenye utaratibu huo. Mahali palipokuwa pa kuzuilia panajaribiwa kufanywa pa kupitia. Njia za panya hazijafutika kwa hayo, wala lawama za wafanyabiashara juu ya ushuru na vibali. Mahindi na ng'ombe bado vina njia zao za usiku. Lakini mwanamke mwenye kapu la ndizi na kitambulisho mkononi anapita leo mchana kweupe pale ambapo mama yake, mwaka 1980, angelipita gizani.

Limebakia jambo moja ambalo boda halijaweza kulifanya, na huenda ndilo linalopima umbali wa neno hili kutoka katika moyo wa lugha. Mpaka lilikuwa ni ukingo wa ardhi, likawa pia ni ukingo wa wakati. Hadi lilikuja kutoka Arabuni likiwa ni ukingo, nalo likafanywa hivyo hivyo. Boda limepewa chombo, limepewa mtu, limepewa hata uhai wa kisarufi. Lakini hapana Mswahili, wa Sirari wala wa Siyu, anayesema "nitakungoja boda kesho". Lugha imelipa neno kazi ya kubeba watu, haijalipa kazi ya kuwasubiri.

Yamkini sababu iko katika kumbukumbu. Shamba lina ukingo na siku ina ukingo, na anayefika ukingoni anajua kwamba amefika. Mpaka wa dola haukuwazoesha watu wa Sirari hivyo. Uliwekwa bila ya wao kuulizwa mwaka 1886, ukapungua uzito 1922, ukafungwa 1977, ukafunguliwa 1983, na kila mara habari zake zilitoka mbali. Kitu kama hicho hakifai kupimia muda. Jioni, magari ya mwisho yanapopungua na vijana wa pikipiki wanapogeuza vichwa vya vyombo vyao kuelekea nyumbani, abiria anayetaka kurudi mapema kesho huulizana nao saa. "Nikungoje mpaka saa ngapi?" kijana huuliza. Hapo, mbele ya boda, akiwa juu ya boda, naye mwenyewe akiitwa boda, neno analolitumia ni mpaka.